Kompyuta iliyozimika kabla ya kufunguka: uzoefu wangu na fundi wa komini ya Kenya, Lubumbashi

Fundi huyu ana meza ndogo komini ya Kenya (sehemu ya mji wetu wa Lubumbashi, si nchi ya Kenya), si mbali na soko, na ninampa alama zote kwa jambo moja: alipima kwanza, ndipo akataja bei. Mimi nachapa TFC, zile kazi za kumalizia masomo, za wanafunzi wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) nyumbani mtaa wa Bel-Air, kwa hiyo mashine ikilala, na pesa ya chakula inalala.

Ugonjwa ulikuwa hivi. Unabonyeza, feni inazunguka, nembo inatokea, vidoti vya Windows vinaanza kuzunguka, halafu giza. Ukiwasha tena papo hapo, inakatika mapema zaidi, hata nembo huioni. Ukiipumzisha, inasogea mbele kidogo. Duka moja la mjini waliniambia ubao mama, ule mkuu wa ndani unaounganisha vifaa vyote, umekufa, ninunue mwingine. Hata kasha hawakulifungua!

Huyu wa Kenya aliniuliza swali ambalo kule hakuna aliyeliuliza: "Mama, inakaa muda gani kabla ya kuzimika?" Ikikatika mara tu ukibonyeza, alinieleza, mtu hutafuta shoti au huchunguza alimentasio, lile sanduku la nyuma linalopokea umeme. Ikidumu kidogo kisha ikafa, na ukirudia ikafa upesi zaidi, joto ndilo la kushukiwa kwanza. Akaiwasha, akaingia kwenye BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, maana humo kuna ukurasa unaoonyesha joto la prosesa, ubongo wa kompyuta. Tukaitazama namba ikipanda: 70, 80, ikapita 90, ikazimika. Mashine hujikata yenyewe joto likizidi, ili prosesa isiungue.

Ndani kulikuwa na lile vumbi letu jekundu la kiangazi, limeshonana kwenye chuma kinachokaa juu ya prosesa mpaka hewa haipiti. Pasta ya kupitisha joto ilikuwa imekauka, inamong'onyoka. Alipiga brashi na kupuliza huku ameshika feni kwa kidole isizunguke ovyo, akafuta pasta ya zamani kwa alkoli, akaweka mpya kiasi cha punje ya mchele. Joto likatulia kwenye 40 na kitu.

Wengi wangepokea pesa hapo. Yeye akaiacha ifungue Windows mbele yangu, ikazimika tena, na hapo ndipo nilipomheshimu kweli, kwa sababu hakuanza kubahatisha. Alichukua multimeta, kipimo cha umeme, akapima waya wa njano unaotoka kwenye alimentasio. Unatakiwa kutoa volti 12, na ukicheza uwe kati ya 11.4 na 12.6. Kwenye BIOS ulikuwa sawa, ila Windows ilipoanza kuvuta nguvu, ukaanguka chini ya 11. Umeme wa mtaa wetu hupanda na kushuka, hasa jioni, na alimentasio ndiyo inayopokea mapigo yote.

Nilimwomba aitengeneze badala ya kuibadilisha. Akakataa: kapasita za ndani, vile vifaa vinavyotunza umeme, hubaki na umeme hata waya ukiwa umechomolewa, na zinaweza kumpiga mtu vibaya. Akaniwekea alimentasio mbili mkononi. Moja mpya, haina jina, kibandiko kinasema wati 500, bei nafuu. Nyingine ya mtumba, wati 300, imetoka kwenye mashine ya ofisi. Ile ya 500 ilikuwa nyepesi mno, kama haina kitu ndani. Nilichukua ya mtumba. Sina kadi ya michezo, 300 zinanitosha. Na wewe ukienda kununua, beba ile ya zamani mlinganishe plagi, maana alimentasio za mashine za ofisi mara nyingi hazifanani na ile ya kawaida ya pini 24.

Yapo yasiyonipendeza. Pa kukaa hakuna. Umeme ulikatika katikati ya kazi na yeye hana jenereta, tukangoja. Risiti hakuandika mpaka nilipoidai, na garanti ni mwezi mmoja tu. Kwa kifaa cha mtumba ningetaka mitatu, na nilimwambia hivyo.

Tangu hapo mashine inafunguka vizuri, asubuhi na jioni. Stabilaiza aliyonishauri, ya kutuliza umeme unaopanda na kushuka, sijaichukua kwake: alizonazo ni ndogo, nami natafuta itakayobeba na printa.