Hita ya sola Dodoma, mwaka wa tatu: jua lipo, kazi ni maji

Nilipokuwa Dar sikuwahi kununua kitu cha kuchemshia maji ya kuoga. Nani achemshe maji Tabata? Bomba lenyewe mchana linatoa uvuguvugu bila kuombwa. Ofisi ilipohamia Dodoma mwaka 2019 nilikuja na feni mbili, sweta sikubeba hata moja. Juni ya kwanza ikanishika. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa alfajiri unakuja kama unakudai. Watoto wakawa wananawa uso na kuapa kwamba wameoga.

Tulianza na jiko la mkaa na sufuria la ubwabwa wa shughuli. Baadaye mume wangu akafunga shawa ya umeme, ile yenye kichwa kikubwa cheupe inayochemsha maji yakiwa yanapita. Sina ugomvi nayo. Unafungua, yanatoka ya moto, basi. Ugomvi wangu ulikuwa na LUKU.

Shawa ile imeandikwa wati 5,400. Mtu akioga dakika nane, ambazo kwa binti yangu mkubwa ni za kujipasha tu, ameshakula uniti 0.72. Kwa bei ya mwaka 2022 kwa sisi wa matumizi ya kawaida, elfu kumi ilikupa uniti 28 kama mwezi huo umeshamaliza kukatwa kodi ya jengo. Kwa hiyo kuoga mara moja ni kama shilingi 256. Tuko sita. Kila mtu akioga mara moja kwa siku, mwezi unaisha na 46,000 imeteremka kwenye shimo la maji machafu. Nimeiandika hesabu hii kwa sababu watu wengi wanadhani friji ndiyo inayowamaliza.

Kilichotusukuma hasa ni mama mkwe. Alihamia kwetu kutoka Kondoa mwishoni mwa 2022, ana baridi yabisi ya vidole na magoti, na anaamka saa kumi na moja alfajiri kutawadha. Kumwashia shawa ya umeme mtu anayetaka maji ya kopo moja tu ni kituko, na kumwacha atie mikono kwenye maji yale ya Julai ni dhambi. Mume wangu akasema tununue hita ya sola. Mimi nikasema tuulize kwanza.

Kuuliza kwenyewe kulikuwa kazi. Maduka mawili ya kwanza, nikisema sola, wananiletea paneli za kuwashia taa na betri. Ndugu msomaji, hivi ni vitu viwili tofauti. Hita ya sola haitoi umeme hata wa kuchajia simu. Ni tenki lenye koti la povu la kuhifadhi joto, limelazwa juu ya mirija ya kioo. Kila mrija una kuta mbili za kioo, katikati hewa imenyonywa yote, kama chupa ya chai. Ukuta wa ndani umepakwa rangi nyeusi inayolivuta joto la jua. Maji ndani ya mrija yakipata moto yanakuwa mepesi, yanapanda tenkini, ya baridi yanashuka kuchukua nafasi, na mzunguko unaendelea wenyewe mpaka jua lizame. Pampu hakuna, umeme hakuna.

Tulinunua ya lita 200, mirija 20, Machi 2023. Hita yenyewe 1,350,000. Mabomba, koki, stendi ya chuma na fundi vikala 520,000. Usikubali fundi akuunganishie maji ya moto kwa bomba la PVC la kawaida. Linalainika na kupinda kama mkia. Dai PPR, yale yanayounganishwa kwa kuyeyushwa, hata kama atakwambia “mama, hili nalo linavumilia”.

Siku ya kufunga ukazuka mjadala juu ya paa. Kitabu cha maelekezo kilichokuja na hita kinaonyesha mirija ikitazama kusini. Fundi naye, mtu wa kuheshimu maandishi, akataka kuielekeza kusini. Binti yangu, aliyekuwa kidato cha tatu, akamwambia kitabu kimeandikwa kwa watu wa kaskazini mwa dunia, na kwamba Juni jua letu la adhuhuri linakuwa upande wa kaskazini. Fundi hakupenda kufundishwa na mtoto. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kibarazani na hajaulizwa, akasema, “Mwanangu, we elekeza kibla.” Ukiwa Dodoma kibla ni kaskazini, imeegemea mashariki kidogo tu. Fundi akacheka, akageuza stendi. Mpaka leo wageni wakija nyumbani na kutaka kusali tunawaonyesha paa.

Na kweli mwezi unaotaka maji ya moto ndio mwezi ambao Dodoma haina wingu. Hapa mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Baridi inakuja wakati mbingu zimefagiliwa. Ndugu zangu wa Arusha na Moshi, ambao Julai yao ni mawingu na manyunyu, wasisome maelezo haya wakadhani yatawafaa hivi hivi.

Nilipima kwa kipimajoto cha jikoni, maana sipendi kuambiwa “yanachemka sana” bila namba. Siku moja ya Julai, saa kumi na moja jioni, maji yalitoka na nyuzi 68. Saa kumi na moja alfajiri, baada ya watu watatu kuoga usiku, nyuzi 59. Mama mkwe alitawadha, akarudi chumbani bila kusema neno, na kwake hiyo ndiyo sifa. Oktoba yanapita 80, na hapo ni hatari. Maji ya nyuzi 60 tu yanamuunguza mtu mzima ndani ya sekunde chache. Kama una watoto au wazee weka koki ya kuchanganyia, na karibu yake valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma. Sisi valvu hiyo hatukuiweka mwanzoni. Maji ya baridi yanayotoka kwenye simtanki juu ya mnara yakawa yanayasukuma ya moto kurudi yalikotoka, na kwa wiki mbili nikadhani nimeuziwa kopo.

Kuna kero ndogo ya bomba refu. Kutoka paani hadi bafu la mwisho ni kama mita 12, na maji yaliyolala humo yamepoa, lita tatu na ushee zinatoka kabla moto haujafika. Kwenye mji huu huzimwagi. Ipo ndoo, na ole wake atakayeisahau.

Sasa shida yenyewe, ambayo muuzaji hakuigusa kabisa. Nyumba zetu maji yanakuja kwa mgao. Tunategemea simtanki la lita 2,000 juu ya mnara, na simtanki ndilo linaloilisha hita kupitia katenki kadogo kenye boya. Novemba 2023 tulipata msiba Kondoa, tukaondoka ghafla. Asubuhi ile watu walioga harakaharaka na nguo zikafuliwa, hita ikabaki bila maji tenkini, na simtanki lilikuwa limekauka. Siku tisa hatukuwepo. Siku tisa za jua la Novemba. Yale maji kidogo yaliyobaki ndani ya mirija yakachemka na kutoka kwa mvuke siku hadi siku, mpaka sehemu ya juu ya mirija ikawa tupu, na mrija mtupu juani unaweza kupita nyuzi 200.

Tulirudi siku ya kumi, saa saba mchana. Maji yalikuwa yametoka asubuhi hiyo, simtanki la jirani linafurika, sisi koki ya chini ilikuwa imefungwa. Mume wangu, kwa furaha zake, akaifungua. Baada ya muda nikasikia pa. Halafu pa, pa. Nilidhani ni watoto na mawe. Maji ya baridi yalikuwa yamekutana na vioo vya moto. Mirija mitano ilipasuka, na mrija ukipasuka tenki zima linamwagikia hapo. Maji yalipita kwenye bati, yakaingia darini, jipsam ya sebuleni ikachora ramani ambayo bado ipo. Mirija mipya na fundi, 180,000. Mama mkwe akasema jua la Mola ni la bure, mirija yetu siyo.

Tangu siku hiyo tuna sheria ya nyumba. Ukisafiri, hita inaachwa imejaa na koki ya kutoa maji ya moto imefungwa. Ikikauka kwa bahati mbaya, haijazwi mchana hata aje waziri. Unasubiri giza lipoze vioo, au unaijaza saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijakaza. Na turubai lipo stoo kwa ajili ya kuifunika.

Shida ya pili ni chumvi. Tunaita chumvi, ingawa ni ile chokaa nyeupe inayoganda kwenye birika. Maji ya visima vya hapa yanayo, na maji yakipata moto inajitenga na kutulia. Baada ya mwaka na nusu fundi alichomoa mirija miwili kuikagua, chini kulikuwa na unga mweupe wa urefu wa kidole. Tulisafisha kwa siki, tukaacha usiku kucha, tukasuuza. Matundu ya shawa nayo huziba, hayo nayachokonoa mwenyewe kwa pini. Ukiwa unakagua, tazama pia ncha ya chini ya mrija. Inatakiwa ing'ae kama kioo cha kujitazamia. Ikigeuka nyeupe kama maziwa ujue hewa imeingia, mrija huo umebaki pambo.

Siku za mawingu nisiwadanganye. Januari 2024, mvua zile za El Niño, kuna siku nne mfululizo maji hayakuvuka uvuguvugu. Na kwa kuwa wakati huohuo kulikuwa na mgao wa umeme, shawa ya umeme nayo ilikuwa pambo. Tulirudi kwenye jiko la mkaa na sufuria la shughuli. Nilicheka peke yangu. Nchi nzima inaongelea nishati safi ya kupikia, mwaka huohuo mkakati ukazinduliwa wa kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Ya kuogea haina msemaji, na kwenye nyumba yangu mkaa mwingi ulikuwa unaishia bafuni.

Hela je? Juni 2022 tulinunua umeme wa 105,000. Juni 2023, vyombo vilevile na mtu mmoja zaidi, 60,000. Miezi ya joto tofauti ni ndogo, kuna miezi haifiki 20,000, kwa sababu hata zamani hatukuwa tunawasha shawa kila siku. Kwa mwaka nakadiria tunaokoa 350,000. Ukijumlisha na mirija iliyopasuka tumetumia 2,050,000, kwa hiyo hela yetu itakuwa imerudi mwanzoni mwa 2029 kama hakuna atakayefungua koki mchana tena. Muuzaji alisema miaka miwili. Pengine alipiga hesabu ya nyumba ya wageni. Na kama wewe uko kwenye lile kundi la uniti 75 kwa mwezi, lenye bei ndogo, usikimbilie kabisa kwa ajili ya kuokoa hela. Faida yako ni moja, kwamba shawa ya umeme ingekutoa kwenye kundi hilo, na hita ya sola haitakutoa.

Ningenunua tena? Ndiyo, kwa sababu ya yale magoti na ule wudhu wa alfajiri. Ila ningefikiria ile ya sahani bapa yenye mabomba ya shaba, ambayo haina vioo vya kupasuka hovyo ikikauka. Bei niliyotajiwa ilikuwa karibu mara mbili, na fundi wetu akaniambia chumvi ya hapa ingeziba vile vibomba vyembamba, labda ninunue ile yenye mzunguko wa pembeni ambapo maji ya kuoga hayapiti juani. Hiyo ni bei nyingine tena. Nikanyamaza.

Wiki iliyopita jirani wa nyumba ya tatu alikuja kuuliza. Ameshapata bei, ameshaonyeshwa picha, alitaka tu nimwambie kama jua la kwetu linatosha. Nikamuuliza simtanki lake ni la lita ngapi.

“Mia tano, dada.”

Nikamwambia hela hiyo aanze nayo hapo.