Uzoefu wangu: kambi ya Mahale ambayo barabara haiifikii

Mwishoni mwa Septemba mimi na mke wangu tulilala mara nne katika kambi moja ya watalii iliyoko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, na jambo la kwanza ninalotaka anayefikiria kwenda alijue ni hesabu ya siku. Wakala alikuwa ametupangia siku tatu na kulala mara mbili. Mke wangu aliikataa ratiba hiyo kabla hatujalipa, kwa kuwa siku ya kwanza huishia ndani ya boti na ya tatu vilevile, hivyo anayelala mara mbili hulipia siku tatu na kupata siku moja tu ya kuwatafuta sokwe mtu, ambao hawana ahadi na mtu.

Hifadhi hiyo ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,613, lakini hutaona gari ndani yake. Mgeni huingia kwa maji, kisha kila kitu ni kwa miguu. Tuliambiwa tuwe Kigoma mjini, kwenye gati, saa moja asubuhi. Tulikuwapo, ila boti iliondoka saa nne kasorobo kwa sababu mafuta yalikuwa hayajanunuliwa. Kuchelewa huko kulitugharimu, maana asubuhi ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya mtungini, na kufikia adhuhuri upepo wa kutoka kusini ulikuwa umeyainua mawimbi yakawa yanapiga omo, yaani mbele ya boti, moja kwa moja. Safari tuliyoambiwa ni ya saa tano ikatuchukua karibu saba. Jaketi za kujiokolea zilitutosha wote, na nahodha hakuwasha injini hadi alipohakikisha kila abiria ameifunga yake. Turubai, kwa upande mwingine, lilikuwa na tundu, na begi langu lilifika limelowa.

Kambi yenyewe ni mahema machache yaliyoezekwa kwa nyasi, mbele yake mchanga, nyuma yake msitu unaopanda hadi kupotea mawinguni kuelekea kilele cha Nkungwe. Umeme ni wa jua, simu huchajiwa katika banda la chakula pekee, na mtandao haupo. Kuoga ziwani pale ufukweni ni marufuku kwa sababu ya mamba na viboko. Chakula kilikuwa kizuri kuliko nilivyotarajia: samaki wa ziwa hili kama mgebuka wa kuchoma na kuhe wa mchuzi, na siku moja, baada ya mke wangu kumwomba mpishi kwa upole, dagaa wa Kigoma kwa ugali, waliokuwa bora kuliko vyote vilivyoandikwa kwenye orodha yao ya vyakula vya wageni.

Siku ya kwanza msituni tulipanda na kushuka kwa saa sita, tukapigana na siafu, tukasikia kelele za sokwe bondeni na tusimwone hata mmoja. Angalia basi ile ratiba ya kulala mara mbili ingetufikisha wapi. Siku ya pili wafuatiliaji waliotangulia alfajiri walitoa taarifa kwa redio, na baada ya dakika arobaini tulikuwa tumeketi chini, barakoa usoni, tukiwatazama madume wawili wakichambuana manyoya huku kila mmoja ameinua mkono mmoja juu na kuushikanisha na wa mwenzake. Mwongozaji wetu alieleza kwamba watafiti wa Kijapani wamekuwa wakiwafuatilia sokwe wa Mahale tangu 1965, na kwamba mtindo huo wa kushikana mikono ni desturi ya huku. Juu yetu wengine walikuwa wakila mabungo, haya haya tunayokamua juisi Dar es Salaam na Unguja. Watongwe, wenyeji wa milima hii, huyaita ilombo.

Muda wa kukaa na sokwe ni saa moja, na mwongozaji aliusimamia bila kumwonea mtu haya. Mgeni mmoja alipovuta barakoa chini ya kidevu ili apigwe picha, aliambiwa airudishe au arudi kambini. Naunga mkono ukali huo kabisa, kwa kuwa mafua yetu huwaua: mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa uliwaangusha kadhaa katika kundi hili hili.

Bei za kambi tulizopewa zilikuwa za dola, na sisi wenyewe ndio tuliouliza kuhusu bei ya mkazi, hakuna aliyetutajia. Uliza kabla ya kulipa, na uliza pia kama kiingilio cha hifadhi kimejumuishwa, kwa sababu raia wa Afrika Mashariki hulipa kidogo sana kikilinganishwa na cha wageni wa mbali.

Malalamiko ya boti tuliyapeleka kwa msimamizi usiku wa mwisho, tukiwa tumekaa mchangani tunatazama taa za wavuvi wa dagaa mbali majini. Hakujitetea. Tulipoamka boti ilikuwa imeshajazwa mafuta na turubai limezibwa kiraka. Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, ziwa likiwa shwari, na saa tano tulikuwa Kigoma tukinywa chai.