Founders Online: uzoefu wangu wa kufuatilia ununuzi wa Louisiana barua kwa barua

Founders Online ni huduma ya Nyaraka za Taifa za Marekani, iko wazi kwa umma tangu 2013, na ni bure kabisa: hakuna kujisajili wala nywila. Ina nyaraka zaidi ya 180,000 za waasisi wa Marekani: George Washington, Benjamin Franklin, John Adams na familia yake, Thomas Jefferson, Alexander Hamilton, James Madison na John Jay, pamoja na barua walizoandikiwa. Ni maandishi matupu, kwa hiyo kurasa hufunguka upesi hata kwenye simu ya kawaida na bando haliishi. Kwa anayesoma au kufundisha jinsi Marekani ilivyojitanua kuelekea magharibi, hasa ilivyonunua kwa Wafaransa mwaka 1803 Louisiana, nchi kubwa ya magharibi mwa mto Mississippi, naipa alama za juu kabisa. Ila inataka mpangilio. Ukiingia kichwakichwa utatoka na historia iliyopinda.

Anza na tarehe, siyo neno. Ukiandika "Louisiana" peke yake utamwagiwa matokeo usiyoweza kuyasoma. Mimi naweka kuanzia 1 Aprili 1802 hadi 31 Desemba 1803, nachagua mwandishi na mpokeaji, kisha napanga kwa tarehe. Neno la kutafuta huja mwisho, na hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu tahajia ya wakati ule imeachwa kama ilivyo. Jefferson, aliyekuwa rais wakati huo, huandika "recieved", na mto ule mkubwa ni "Missisipi". New Orleans mara nyingi ni "N. Orleans". Tafuta kila umbo peke yake, na maneno mawili yanayokwenda pamoja yafunge kwa alama za kunukuu. Ukikuta "inst." baada ya tarehe, maana yake ni mwezi huu huu, "ult." ni mwezi uliopita. Tafsiri ya mashine huvuruga hivi vyote, kwa hiyo soma Kiingereza chenyewe, polepole.

Kosa kubwa zaidi ni kusoma barua kana kwamba ilifika siku iliyoandikwa. Mkataba wa kununua Louisiana una tarehe ya 30 Aprili 1803, uliafikiwa Paris, lakini habari zake zilifika Washington 3 Julai. Kwa hiyo kila barua ya Mei na Juni kutoka Washington imeandikwa na mtu asiyejua kwamba eneo la nchi yake limekaribia kuwa maradufu. Fungua maagizo ya 20 Juni 1803 ya Jefferson kwa Meriwether Lewis, aliyemtuma kuipeleleza nchi ya magharibi: bado anamweleza habari za pasi ya mjumbe wa Ufaransa, maana kwa ufahamu wake nchi ile ni ya Wafaransa. Msomaji asiyeangalia hilo atadhani Lewis alitumwa kukagua mali iliyokwisha kununuliwa.

Dawa iko chini ya kila barua, kwenye tanbihi za wahariri. RC ni nakala iliyomfikia mpokeaji, Dft ni rasimu, PrC ni nakala iliyogandamizwa kwa mashine na kubaki kwa mwandishi. SJL ni daftari ambamo Jefferson aliorodhesha barua alizotuma na alizopokea, na humo ndimo wahariri wanamopata siku ya kufika. Naandika tarehe zote mbili kwenye karatasi, ya kuandikwa na ya kupokelewa, kabla ya kusema nani alikuwa anamjibu nani.

Mfano mzuri ni Agosti 1803. Tarehe 12 Jefferson anamwandikia Seneta John Breckinridge kwamba Katiba haikutoa ruhusa ya kutwaa nchi ya kigeni. Anajilinganisha na msimamizi wa mali ya yatima aliyenunua shamba la jirani kwa fedha za mtoto, akitumaini mtoto akikua atakubali. Anataka Katiba irekebishwe. Siku sita tu baadaye, tarehe 18, anamwandikia tena: barua iliyopokelewa jana inaonyesha kwamba lisisemwe neno lolote litakalowapa Wafaransa kisingizio cha kujitoa. Ukizipanga barua hizi mbili, huhitaji mtu akueleze kwa nini marekebisho yalikufa na Seneti ikapitisha mkataba 20 Oktoba kwa kura 24 dhidi ya 7.

Kwenye fedha pia tulia. Bei ilikuwa faranga milioni 60, sawa na dola 11,250,000, na juu yake Marekani ikabeba madai ya raia wake dhidi ya Ufaransa hadi faranga milioni 20, yaani dola 3,750,000. Ndiyo hizo dola milioni 15 za vitabuni. Barua moja ikitaja kumi na moja na nyingine kumi na tano, hazipingani.

Kama una saa moja tu, soma mbili hizi. Tarehe 3 Novemba 1802 Jefferson anamwandikia Handsome Lake, kiongozi wa Waseneka, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa Amerika, akirudia ahadi kwamba ardhi yao itabaki yao mpaka watakapotaka wenyewe kuiuza. Kisha 27 Februari 1803, kwa siri, anamwandikia William Henry Harrison, gavana wa Eneo la Indiana, ambalo halijawa jimbo bado: serikali izidishe nyumba zake za biashara, na watafurahi kuona watu wenye sauti miongoni mwa wenyeji wakizama kwenye madeni, kwa sababu deni likizidi uwezo wao hukubali kulipa kwa ardhi. Haijapita hata miezi minne, na mkono ni ule ule. Mimi bado barua hii hunichoma kila nikiifungua. Neno "kutaka wenyewe" la Novemba husomeka kwa maana nyingine kabisa.

Mipaka yake ijue mapema. Hapa sauti ni za wanaume saba, familia ya Adams na waliowaandikia. Watu wa Saint-Domingue (Haiti ya leo), ambao ushindi wao dhidi ya jeshi la jenerali Mfaransa Leclerc ulimvunja Bonaparte, mtawala wa Ufaransa, moyo wa kushikilia Louisiana, wanaonekana kupitia kalamu za wengine. Karatasi za Rais Andrew Jackson hazimo humu, hivyo anayetafuta mkataba wa Sayyid Said na Wamarekani wa 1833 aelekee kwingine. Nyaraka zenye alama ya "Early Access" ni maandishi ambayo hayajahaririwa kikamilifu na hayana tanbihi. Usizinukuu kabla ya kulinganisha.

Mwisho wa kila ukurasa kuna marejeo yaliyokwisha kupangwa pamoja na kiungo cha kudumu. Nakili hicho, siyo anwani ya ukurasa wa matokeo. Ukitaka kuona mwandiko wenyewe, picha hazimo. Chukua tarehe na jina la mpokeaji, uende kwenye karatasi za Jefferson zilizo kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, na uweke madirisha mawili sambamba: mwandiko kushoto, maandishi kulia.