Msafara mrefu: baiskeli ya umeme au ya kawaida?

Kila msafara wa kilomita 100 unapopangwa, ubishi huu hurudi: wenye baiskeli za umeme waruhusiwe au wabaki nyumbani?

Tuanze na kasi, maana ndipo ugomvi ulipo. Mlimani, mwenye mota huwapita wenzake huku akipiga soga, na kundi linakatika vipande. Kwenye tambarare mambo hugeuka. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, mota ya kawaida, isiyozidi wati 250, huacha kusaidia pale kasi inapofika kilomita 25 kwa saa. Kundi likienda 30, mwenye mota ndiye anayesukuma kilo 20 na ushei kwa miguu yake, wakati jirani yake amekalia kilo 9. Hapo ya kawaida inashinda waziwazi.

Betri ya wati-saa 500 yaweza kufika kilomita hizo 100 kwa msaada mdogo, lakini milima, baridi na upepo wa mbele huila upesi. Pancha ni ya wote, ila gurudumu lenye mota kitovuni lina waya wa kuchomoa kwanza.

Faida kubwa ya umeme ni watu: anayeumwa goti, kinara wa zamani aliyezeeka, mume na mke wasiolingana nguvu. Mimi ningewakaribisha, mradi mlimani wakae nyuma. Kama kundi lenu linafukuzana na saa, au njiani hakuna pa kuchaji, umeme utawaletea kero. Kama mnasimama mara kwa mara kupumzika, sioni cha kumzuia mtu.