Kumbukumbu za mwani: daftari au simu?

Swali hili haliishi kwenye vikundi vya wakulima wa mwani, iwe Paje kule Unguja au Kiuyu kule Pemba: mizigo tuiandike daftarini au kwenye programu ya simu?

Kwa gharama, daftari halina mpinzani. Simu inataka chaji na bando, na maji ya chumvi huimaliza upesi. Ila daftari likirowa, kumbukumbu za msimu mzima zimekwenda, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Simu inashinda kwenye ufuatiliaji. Mnunuzi akiuliza mwani umetoka shamba gani, ni wa aina ya spinosamu au kotonii, umeanikwa lini, jibu lipo papo hapo. Hata kamba na taitai (vijikamba vya kufungia mwani) kuukuu, ambazo zikiachwa hugeuka taka za plastiki baharini, zinahesabika: ngapi zimetoka, ngapi zimerudi kutumika tena. Daftarini inawezekana pia, lakini nani ataijumlisha hesabu hiyo kila bamvua, siku za maji makubwa?

Kina mama kumi wanaomuuzia mnunuzi mmoja wa jirani, daftari linawatosha kabisa. Wanaosindika sabuni za mwani na kuziuza mbali ningewashauri simu, na nakala ya karatasi ibaki nyumbani kwa katibu.