Fundi AC wa Tabata: hatimaye baridi imerudi

AC ya gari langu ilishajazwa gesi mara 3 kwenye gereji tofauti, na kila mara baridi ilikata baada ya wiki 2. Februari, foleni ya Mwenge, mtoto analia kwa joto kiti cha nyuma! Huyu fundi hakukimbilia mtungi wa gesi. Alijaza naitrojeni kwenye mfumo wa AC ili kutafuta panapovuja, akapaka povu la sabuni kwenye maungio na kondensa (kipozeo cha gesi kilicho mbele ya gari), akanionyesha mapovu yanapofurika: kondensa imetoboka. "Dada, gesi haiishi kama petroli. Ikipungua, inavuja." Kondensa ya gari langu tuliisaka siku 9 kwenye maduka ya vipuri mtaa wa Gerezani, Kariakoo. Kunifungia isiyolingana alikataa kabisa. Ikapatikana ya mtumba, akaipima kwanza mbele yangu. Huu ni mwezi wa 4 tangu aifunge, baridi ipo. Ufundi wake ni ghali kidogo, lakini nitarudi kwake.