Diski ya nje ipi ununue: anza na hesabu ya gigabaiti

Video za harusi ndizo zilizonifundisha. Kompyuta yangu ya Windows ilionyesha zimechukua GB 940, nami nikanunua diski ya nje iliyoandikwa TB 1 nikijua zitaenea na nafasi itabaki. Nilipoichomeka, ikasoma GB 931. Nikaanza kunakili hivyo hivyo, na video ya mwisho ikagoma kuingia.

Nikaenda nayo dukani kulalamika. Muuzaji akaniambia, "Dada, hizo nyingine zimeliwa na formati." Si kweli, na inaniudhi kwamba wateja wanaambiwa hivyo kila siku. Formati, yaani mpangilio unaoandaliwa ndani ya diski ili ipokee mafaili, huchukua sehemu ndogo sana. Ukweli ni kwamba kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. TB 1 ya boksini ni baiti 1,000,000,000,000. Windows inazigawa baiti hizo hizo kwa 1,073,741,824 (yaani 1,024 × 1,024 × 1,024), inapata 931, kisha inaandika GB. Kipimo hicho kina jina lake, gibibaiti (GiB), tangu mwaka 1998 kilipowekwa na IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme. Wenye Mac hawasumbuki, maana tangu toleo la 10.6 la mwaka 2009 kompyuta zao huhesabu kwa elfu kama boksi.

Pengo lenyewe hukua kadiri unavyopanda. Kwenye kilobaiti ni asilimia 2.4 tu, kwenye gigabaiti 7.4, kwenye terabaiti linakaribia 10. Ndiyo maana zamani, diski zilipokuwa ndogo, halikuonekana sana.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, chukua GB unazoziona kwenye Windows uzidishe kwa 1.074. Zangu 940 zinafika 1,009 na ushee za boksini. Diski ya 1,000 isingezibeba kamwe, na muuzaji niliyemtajia 940 alipaswa kunieleza.

Sasa niseme ninazozipenda.

Ya kwanza, bila kusita, ni Samsung T7 ya TB 2. Windows itakuonyesha TB 1.81, yaani GB 1,862 hivi. Ni SSD, haina kitu kinachozunguka ndani, na uzito wake ni gramu 58. Ninaipenda zaidi kwa sababu kasi yake imetajwa kwa megabaiti: hadi MB 1,050 kwa sekunde, ukiwa na tundu la USB linaloimudu. Bidhaa nyingine zinaandikwa Gbps 5, mnunuzi anadhani ni gigabaiti 5 kwa sekunde. Hiyo b ndogo ni biti, na biti 8 ndizo baiti 1. Gawa kwa 8 upate MB 625, na hata hizo huzipati zote. Herufi moja tu, ndogo au kubwa, inabadili kila kitu, na wauzaji wengi hawaitazami.

Ya pili ni diski ya kuzunguka, Seagate au WD, TB 2 kwenda juu. Kila gigabaiti inakuja kwa bei nafuu kuliko ya SSD, na kwa akiba ya kukaa kabatini inatosha. Ila ikienda kwa MB 100 kwa sekunde, kujaza TB 1 ni karibu saa 2 na dakika 47. Usiiangushe.

Flashi za bei ya chini zenye maandishi TB 2 sizipendekezi. Nyingi zimebadilishwa programu ya ndani zidanganye ukubwa wake, zinapokea mafaili huku zikiyaharibu yale ya mwanzo. Ukiwa umeshanunua, ijaribu kwa H2testw au F3, programu za kupima ukubwa halisi, kabla hujaweka hata picha moja.

Ile ya TB 1 ninayo bado. Nimeibandika karatasi: "931".